Maumivu ya kiwiko kwa wanyanyua vyuma: Kabla hujakimbilia sindano, soma hapa

WIKI ya kwanza ya mazoezi huuma mwili mzima. Mtu akitoka jimu hawezi kuvua fulana, akicheka tumbo linauma, akipanda daladala anashika bomba la juu kwa tabu. Hayo ni maumivu ya misuli ambayo haijazoea kazi, na kwa kawaida huisha ndani ya siku chache. Wiki ya pili na ya tatu mambo huwa matamu. Nguvu zinaongezeka, vyuma vinaongezwa, shati linaanza kukaa vizuri mabegani. Kisha, baada ya wiki kadhaa, asubuhi moja anainua chupa ya chai kwa mkono mmoja na kiwiko kinachoma kama kimeguswa na kaa la moto.

Wengi wa hawa si vijana wa kutafuta kifua cha kupigia picha. Ni baba au mama wa miaka arobaini na kitu, aliyeambiwa kliniki kwamba presha imepanda, sukari iko mpakani na kitambi si dalili ya maisha mazuri tena. Alishauriwa afanye mazoezi, akatii. Na ushauri ule ulikuwa sahihi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, na juu yake mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kwa wiki. Kunyanyua vyuma kumo humo.

Sasa kiwiko kimeuma. Nyumbani anaambiwa, "Si tulikwambia, hayo ni mambo ya vijana." Anaviacha viatu vya mazoezi uvunguni, na miezi mitatu baadaye kitambi kimerudi, presha imerudi, na kiwiko bado kinauma vilevile akifungua mfuniko wa chupa. Huo ndio upande mmoja. Upande wa pili ni yule mbishi: anameza vidonge, anafunga bandeji, anaendelea na uzito uleule, na ikishindikana anatafuta mtu wa kumchoma sindano. Wote wawili wanapoteza.

Ili kuelewa kwa nini, nyosha mkono wako mbele, kisha papasa kiwiko kwa vidole vya mkono mwingine. Upande wa nje utakuta kinundu cha mfupa. Hapo ndipo zinaposhika kano za misuli inayoinua kiganja na vidole kwenda juu. Upande wa ndani, ule unaogusa mbavu mkono ukining'inia, kuna kinundu kingine. Hapo zimeshika kano za misuli inayofumba ngumi na kukunja kiganja. Kano ni ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Mtaani wengi huiita mshipa, lakini si mshipa wa damu wala wa fahamu.

Maumivu ya kinundu cha nje madaktari huyaita kiwiko cha tenisi, na ya ndani kiwiko cha gofu. Wengi wanaoyapata hawajawahi kushika raketi maishani mwao. Jina la tenisi lilizaliwa Uingereza miaka ya 1880, wakati mchezo huo ulipokuwa mpya kwa watu wenye nafasi. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1873, daktari wa Kijerumani aitwaye Runge alikwishayaeleza maumivu hayohayo akiyahusisha na kazi ya kuandika kwa kalamu. Tenisi imesingiziwa tu. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja hadi watatu katika kila watu wazima 100 huwa na tatizo hili la upande wa nje, na wengi wao wako kati ya miaka 35 na 55. Kwa hiyo, ndiyo, umri una sehemu yake, ila hauna kesi peke yake.

Kosa kubwa liko kwenye kasi. Msuli hupata damu nyingi, hivyo huzoea mzigo mpya ndani ya wiki chache. Kano hupata damu kidogo, nayo huhitaji miezi. Mwanzoni, basi, msuli unakua na kumwambia mwenyewe kwamba uzito huu unawezekana, huku kano bado iko pale ilipokuwa. Ifikirie kama kamba ya katani. Nyuzi zake zikiwa zimelala sambamba, hubeba gunia bila shida. Ukiivuta kwa ghafla kila siku bila kuipa nafasi, nyuzi zinaanza kufumuka moja moja, zinavurugika mpangilio, na kamba inabaki nene lakini dhaifu. Wataalamu walioichunguza kwa darubini kano iliyouma kwa miezi mingi hawakukuta uvimbe wenye moto kama wa jipu au wa kidonda kipya. Walikuta nyuzi zilizovurugika za namna hiyo. Jambo hili lina maana kubwa tutakapofika kwenye dawa.

Vyuma vyenyewe navyo vina mchango. Katika jimu nyingi za mtaani, uzito ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Zimewasaidia wengi, na hakuna haja ya kuzibeza. Lakini bomba lile halizunguki. Chuma cha kiwandani huwa na ncha zinazozunguka, hivyo unapokiinua sahani hujigeuza zenyewe na kiganja kinabaki kimetulia. Zege likigandishwa kwenye bomba, kila unapokunja mkono kiganja ndicho kinachobeba ule msokoto, na msokoto wa kiganja huishia kwenye kiwiko. Bomba likiwa nene na linateleza kwa jasho, unalikaba kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika. Na mara nyingi kopo la kushoto na la kulia hayalingani uzito. Ukilizungushia bomba mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, utahitaji nguvu ndogo zaidi kulishika. Ni jambo dogo, lakini kiwiko hulisikia.

Kiwiko hakijui umetoka jimu

Watu wengi wanaokwama hapa hukwama kwa sababu wanahesabu vyuma tu. Mwanamke anayenyanyua vyuma Jumanne na Alhamisi, Jumamosi anafua mashuka ya familia nzima kwa mkono na kuyakamua. Kukamua ni kukaba na kusokota kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo kazi inayoichosha kano ya nje kuliko zote. Jioni anasonga ugali wa watu saba. Jumapili anakuna nazi mbili. Halafu Jumatatu anasema amepumzika siku tatu na kiwiko hakijapoa. Kimepumzika lini?

Mwanamume naye ni hivyohivyo. Dereva wa bodaboda hushika mpini wa mafuta kutwa nzima, kiganja kimepinda kwenda juu, akitikiswa na kila shimo la barabara. Fundi seremala anazungusha bisibisi, fundi ujenzi anashika mwiko na nyundo. Hata yule wa ofisini ambaye mkono wake haujawahi kubeba tofali, anashika simu saa nzima kitandani kiwiko kikiwa kimekunjwa, na mchana mzima kiganja kimening'inia juu ya kipanya cha kompyuta.

Kwa hiyo, kabla ya kulaumu zoezi moja, kaa chini uandike kila kazi inayokutaka kukaba kitu kwa nguvu katika wiki moja. Usishangae ukiona vyuma vimechukua nafasi ya tatu. Hapa ndipo familia inapoingia, maana mama mwenye kiwiko kibovu akiambiwa na mtaalamu apunguze kukamua nguo, na hakuna mtu mwingine nyumbani anayejua kukamua, ushauri ule umeishia mlangoni pa kliniki.

Kufahamu ni kano gani inayolalamika si kazi ngumu. Nyosha mkono, kiganja kikitazama chini, funga ngumi na uiinue huku mtu mwingine akiikandamiza kwa upole. Kinundu cha nje kikiuma, ni ile ya tenisi. Utaiona pia ukijaribu kunyanyua kiti kwa kukishika mgongoni. Geuza kiganja juu, jaribu kukikunja mtu akikuzuia. Maumivu ya ndani ni ya gofu, na mara nyingi huwapata wanaojivuta kwenye bomba la juu au kukunja chuma kilichonyooka. Maumivu ya nyuma, kwenye ncha ya kiwiko, huja kwa kusukuma: pushapu nyingi, kujishusha kati ya vyuma viwili sambamba, au lile zoezi la kulala chali na kushusha chuma hadi kwenye paji la uso. Maumivu ya mbele, pale kiwiko kinapokunjika, huwa ya kano ya bisepsi, na hayo yanahitaji tahadhari zaidi.

Sindano inayopoza haraka

Sindano inayochomwa kwenye kiwiko kwa kawaida ni ya dawa za jamii ya kotisoni. Sifa yake mtaani ni kubwa, na sifa hiyo haikutoka hewani. Mtu huchomwa wiki hii, wiki ijayo ananyanyua ndoo. Tatizo ni kinachofuata.

Watafiti wa Uholanzi waliwachukua wagonjwa 185 waliokuwa na maumivu ya kiwiko cha nje kwa wiki sita au zaidi, wakawagawa makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilichomwa sindano, la pili lilipewa fiziotherapia, na la tatu liliambiwa lisubiri tu, likiwa na ushauri wa kupunguza kazi zinazochochea maumivu na dawa za kutuliza pale zinapohitajika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002 katika jarida la The Lancet. Baada ya wiki sita, asilimia 92 ya waliochomwa walikuwa wamepona au wamepata nafuu kubwa, wakati wa fiziotherapia walikuwa asilimia 47 na wa kusubiri asilimia 32. Hapo ndipo mtu wa mtaani anapoacha kuhesabu. Baada ya mwaka mmoja hesabu iligeuka: fiziotherapia asilimia 91, kusubiri asilimia 83, na sindano asilimia 69.

Soma tena hizo namba za mwisho. Waliochomwa waliishia nyuma ya wale ambao hawakutibiwa karibu chochote. Miaka minne baadaye, utafiti wa Brisbane, Australia, uliohusisha watu 198, ulikuta jambo hilohilo, na ukaonyesha kwamba wengi wa waliopata nafuu kwa sindano maumivu yaliwarudia baadaye. Sababu moja inayotajwa ni kwamba dawa hizo hudhoofisha kano, na nyingine ni tabia ya binadamu: maumivu yakizimwa, mtu hurudi kwenye mzigo uleule wakati kamba bado imefumuka.

Haina maana kwamba daktari anayependekeza sindano ni mbaya. Kuna hali anazoweza kuiona inafaa. Lakini una haki ya kumuuliza, "Daktari, na mwaka mmoja baadaye itakuwaje?" Na kama aliyependekeza ni jamaa wa jimu mwenye sindano kwenye begi, swali hilo halihitajiki, ondoka. Tusichanganye pia mambo mawili. Kotisoni si zile steroidi za kuvimbisha misuli zinazouzwa kwa siri. Hizo za kuvimbisha ni hatari kwa namna yake, maana msuli hukua haraka kupita kiasi na kano inaachwa nyuma zaidi, mpaka siku inakatika.

Vidonge vya maumivu kama diklofenaki hununuliwa kama pipi. Kwa siku chache vinaweza kutuliza, lakini kumbuka kile kilichoonekana kwenye darubini: hakuna moto mkubwa wa kuzima. Ukivimeza wiki baada ya wiki, kano haijapona na tumbo lako liko hatarini kupata vidonda, figo nazo zinabeba mzigo. Kwa mwenye presha ni kibaya maradufu, kwa kuwa dawa za kundi hili huweza kuipandisha na kuongeza hatari kwa moyo, na huyu ndiye mtu yuleyule aliyekwenda jimu kwa ajili ya presha. Dawa hiyohiyo ikiwa ya kupaka ina madhara madogo zaidi kwa mwili.

Kuna dawa nyingine ambayo watu hawaihusishi kabisa na viungo. Siprofloksasini, ambayo wengi huiita sipro, hununuliwa dukani bila cheti kwa ajili ya tumbo la kuhara au "UTI". Mwaka 2008 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza kundi zima la dawa hizo liwekewe onyo kali zaidi kwenye kibandiko, kwa sababu zinaweza kusababisha kano kuuma na hata kukatika. Hatari ni kubwa zaidi kwa wenye zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za jamii ya kotisoni. Kano inayoathirika mara nyingi ni ya kisigino, lakini za mkono na bega pia zimo. Ukiwa na tatizo la kano, mwambie daktari kabla hajakuandikia. Na kama umeshaandikiwa na maumivu ya kano yakaanza, acha mazoezi na urudi kwake upesi akubadilishie. Usimalizie dozi kimyakimya.

Kukanda kwa maji ya moto kunaleta faraja, na hakuna ubaya. Barafu nayo hivyohivyo kwa anayeipenda. Kuchuliwa kwa nguvu mpaka ngozi inaiva, huku ukiambiwa "mshipa umehama unarudishwa", ni jambo la kukataa. Hakuna kilichohama.

Dawa ni mzigo, ila wa kupimwa

Kupumzisha mkono kabisa kwa miezi kunaifanya kano iwe dhaifu zaidi, kwa kuwa nyuzi zake hujipanga upya kwa kuvutwa. Inachotaka ni kuvutwa kidogo, polepole, na mara kwa mara. Vifaa vyake viko jikoni.

Kama maumivu ni makali, anza na zoezi la kushikilia bila kusogeza. Kaa, laza kigasha juu ya meza, kiganja kikining'inia nje ya ukingo na kutazama chini. Shika chupa ya maji ya nusu lita, inua kiganja kilingane na kigasha, kisha tulia hapohapo kwa sekunde 30 hadi 45. Pumzika dakika moja au mbili. Rudia mara nne au tano. Kwa wengi maumivu hupungua ndani ya siku chache. Kama kinachouma ni kinundu cha ndani, fanya vilevile kiganja kikitazama juu.

Baada ya wiki moja au mbili, ingia kwenye kushusha polepole. Mkao ni uleule wa mezani. Tumia mkono mzima kukiinua kiganja chenye chupa, kisha uondoe msaada na ukishushe taratibu kwa sekunde tatu hadi nne. Fanya mara 15, pumzika, rudia hadi mizunguko mitatu. Siku moja ufanye, siku ya pili upumzike. Zikiwa rahisi, hamia chupa ya lita moja, ambayo ni kama kilo moja, kisha lita moja na nusu. Vijana hucheka wakiona mtu aliyekuwa akisukuma kilo 60 anahangaika na chupa ya maji. Waache wacheke. Hesabu wiki 12, na usiende wiki ya tatu kwa rafiki kulalamika kwamba haisaidii.

Maumivu madogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Ukiyapa alama kati ya sifuri na kumi, yasizidi tatu au nne, na kesho yake asubuhi kiwiko kisiwe kibaya kuliko jana. Kikiamka kibaya, umezidisha. Punguza uzito, usiache. Kwa maumivu ya nyuma ya kiwiko kanuni ni ileile: pushapu ukiegemea ukuta, kisha ukiegemea meza, ukijishusha polepole, kabla hujarudi sakafuni.

Ule mkanda wa kiwiko unaouzwa madukani huvaliwa kwenye kigasha, kama upana wa vidole viwili chini ya kinundu, wala si juu ya kinundu chenyewe. Uvae wakati wa kazi, uuvue ukilala. Unasaidia kufanya kazi kwa nafuu, hautibu.

Jimu usiiache. Miguu haina kosa, mgongo na tumbo navyo vina mazoezi yake, na moyo bado unazitaka dakika zake 150. Kwa mikono, badili ushikaji kwanza. Viganja vikitazamana, kama mtu anayeshika nyundo, kiwiko hupata nafuu kubwa kuliko kiganja kikitazama chini au juu. Kwa hiyo dambeli mbili ni bora kuliko chuma kimoja kilichonyooka. Kiganja kisipinde kwenda nyuma unaposukuma. Usikabe chuma kama unanyonga kuku. Kujivuta kwenye bomba la juu, kujishusha kwenye vyuma sambamba na kushusha chuma hadi kwenye paji la uso viweke kando kwa wiki kadhaa, havikimbii. Ukianza kuongeza, ongeza kwa kilo moja au mbili na ukae hapo wiki moja au zaidi, hata kama msuli unakuambia uko tayari kwa tano.

Si kila maumivu ya kiwiko ni ya kano. Ukinyanyua kitu kizito na kusikia kitu kimekatika kwa mbele ya kiwiko, ukaona michubuko ya rangi ya zambarau na msuli wa mkono umepanda juu kama mpira, hiyo huenda ni kano ya bisepsi iliyochomoka. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu upasuaji wa kuirudisha huwa mwepesi katika wiki mbili za kwanza. Baada ya hapo kano hujikunja na kushikana ilipo. Ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete ni mshipa wa fahamu unaobanwa upande wa ndani wa kiwiko, nao usiusubirie mpaka kiganja kipoteze nguvu. Kiwiko kilichovimba, chekundu, cha moto na una homa, huenda kina maambukizi. Kiwiko kilichoumia kwa kuanguka na hakinyooki kinahitaji eksirei. Na maumivu ya mkono yanayokuja na kifua kubana, jasho jembamba na pumzi kukata hayahusiani na vyuma kabisa. Huo ni moyo, mkimbize mtu hospitali usiku huohuo.

Kwa wageni wa jimu kuna la ziada. Mikono ikivimba na kukaza kiasi cha kutonyooka siku moja au mbili baada ya mazoezi mazito, na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, misuli imevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Hapo si pa kukanda wala kumeza diklofenaki. Ni hospitali, na haraka.

Nje ya dalili hizo, kipimo kikubwa si lazima. Mtaalamu wa fiziotherapia hutambua kiwiko cha tenisi kwa kukigusa na kukuuliza maswali, na picha ya gharama mara nyingi haibadilishi atakachokuambia. Hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando na KCMC zina vitengo vya fiziotherapia. Nenda na ile orodha ya kazi zako za wiki uliyoiandika, na kama una kisukari kitaje mapema, kwa sababu sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kano kupona.

Na kwa wiki hizo 12, wenye nyumba wagawane. Ndoo ya mashuka akamue kijana wa kidato cha pili aliye likizo, kwa mikono miwili, nje pale kwenye kamba. Ugali asonge yule ambaye kiwiko chake hakijambo, awe baba au mama. Nazi inaweza kukunwa sokoni kwa mashine. Mwenye kiwiko akae mezani na chupa yake ya maji, ahesabu sekunde.